Seva Isiyosema Njoo Kesho

Restuta alikuwa na desturi moja ambayo bosi wake, Evod, alikwisha kuizoea. Akiwa na neno la kumwambia mteja, hakumwambia mteja. Alimnong'oneza Evod, naye Evod akalipaza kana kwamba limetoka kichwani mwake. Miaka mitatu walifanya kazi hivyo katika kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi, jirani na soko la Ifakara, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Baadhi yao walidhani yule dada ni bubu.

Bubu hakuwa. Sauti yake ilikuwa ndogo tu, na kila alipoitoa mbele ya watu alijiona kama mtu aliyevua viatu ugenini na soksi imetoboka. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka ambao familia yao ilihamia shambani upande wa Lupiro, akabaki huko kufukuza ndege kwenye mpunga. Mpaka leo husoma kwa kufuata mstari na kidole. Lakini kule shambani alijifunza kulisikia kundi la ndege kabla halijatua, na masikio hayo ndiyo aliyokuja nayo mjini. Mpigie wimbo sekunde kumi, atajua kama umenakiliwa vizuri au umebanwa mpaka umekonda ili flashi ibebe nyingi.

"Huu mwembamba," ananong'ona.

"Mama, huu mwembamba," Evod anatangaza. "Ngoja nikupe ulionona."

Hata mpango wa nyimbo pale kibandani ulikuwa wake. Evod alizipanga kwa majina ya waimbaji, Restuta akaona wateja hawaulizi hivyo. Mtu wa kwaya akija hasemi jina la mwimbaji. Anasema nataka ule wa matoleo, unaoanza kinanda peke yake. Basi Restuta akatengeneza mafolda yanayofuatana kama misa inavyofuatana: mwanzo, katikati, matoleo, komunyo, shukrani, kutoka. Evod alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili mwenyewe alikuwa anatafuta humohumo.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita akaja mzee mmoja mrefu, ameegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya kibanda kwa uangalifu kama anaegemeza kioo. Alikuwa Mzee Theodori, mstaafu wa reli ya TAZARA, aliyefanya kazi stesheni za bonde hili karibu zote, Chita mpaka Mang'ula.

"Shikamoo mzee," Evod akasema. Restuta naye alisema, ila kwa midomo tu.

"Marahaba. Nataka seva."

"Seva?"

"Seva ya muziki. Ya nyumbani. Nyimbo zangu zote zikae ndani ya kisanduku kimoja, kisanduku kiungwe kwenye amplifaya yangu, mimi nikae kwenye kiti, nichague kwa simu, nisikilize. Mnaweza au nipande basi niende Morogoro?"

Evod hajawahi kusema hawezi kitu. Mchana huohuo wakamfuata mzee mpaka kwake, Restuta akiwa amebeba waya.

Mlangoni walipokewa na mkewe, Mama Paskazia, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. "Ninyi ndio wa seva?" akauliza kabla hawajakaa. "Hebu nielezeni vizuri. Seva si ndiyo ile inayogomaga benki? Mimi juzi nimekaa foleni asubuhi nzima, naambiwa seva iko chini, mama, njoo kesho. Leo Baba Careen anaileta sebuleni kwangu! Nikitaka wimbo niambiwe njoo kesho?"

"Hii si ya benki, Mama Careen," mzee alisema.

"Zote ukoo mmoja."

Sebule yenyewe ilikuwa ndogo, na ukuta mmoja mzima ulikuwa rafu. Rafu imejaa kaseti na CD mpaka darini. Mbele yake zilisimama spika mbili za mbao zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, zilizokuja kwa treni kutoka Zambia wakati mzee bado kijana. Kaseti nyingi alizirekodi mwenyewe siku zake za mapumziko, akishuka na kinasa sauti chake kwenye parokia moja baada ya nyingine: kwaya za Chita, za Mang'ula, za Lupiro, za kule juu Mahenge.

Shida ilikuwa tarehe. Binti yao, Careen, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa anaolewa, na send-off yake, sherehe ya kumuaga, ingefanyika hapa nyumbani Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Wakwe wanakuja thelathini. Mama Paskazia alikwisha kupima sebule kwa hatua na kukata shauri kwamba rafu inatoka.

"Tumekubaliana hivi," mzee aliwaeleza, huku mkewe akitikisa kichwa kuthibitisha kila neno. "Kisanduku kikikaa ndani ya lile kabati la vioo, na kikafanya kazi bila matatizo, kaseti zinaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda na spika zinabaki. Kikigoma, kila kitu kinatoka. Spika anazitaka Seni, yule mwenye baa pale Kibaoni. Ananiuliza kila akiniona."

"Na mimi nimempa mume wangu neno langu," alisema Mama Paskazia. "Mtu mzima akikupa neno..."

"Nimeelewa, mama," Evod alisema. "Seni hatazipata."

Kabla ya kufungua laptopu yao, mzee alitaka waisikie kwanza sauti anayoizungumzia. Akaweka kaseti ya kwaya moja ya Lupiro. Restuta alikuwa amesimama karibu na mlango, ndipo mahali alipopendelea katika nyumba za watu. Wimbo ukaanza. Hakuwahi kusikia kitu namna ile. Nyimbo alizozijua zote zilitoka mahali pamoja, kama maji ya bomba. Hizi zilikaa chumbani, soprano huku, besi kule, na nyuma upande wa kushoto mtu akageuza karatasi. Akageuka kumtazama huyo mtu. Mzee alimwona akigeuka.

Kisha Evod akaunga laptopu. Ilikuwa laptopu iliyotumika, lakini kubwa. Wimbo ulikuwa uleule, kaseti ilirudishwa nyuma akaunakili kwanza, na mwanzoni wote wakaitikia kwa vichwa. Ulipofika pale kwaya inaponyamaza kidogo kabla ya kibwagizo, Restuta akamsogelea Evod.

"Inapumua," akanong'ona.

"Mzee," Evod akasema kwa masikitiko, "inapumua. Ni feni yake ya ndani."

"Nimeisikia. Nilidhani ni mke wangu."

"Nimekusikia!" sauti ikatoka jikoni.

Na hapohapo laptopu ikapokea ujumbe wa mtandao, ikalia *ding!* ndani ya spika zile mbili kwa nguvu zote. Kuku waliokuwa kizingitini wakatawanyika. Jikoni kikaanguka kitu cha bati. Laptopu ikarudi kibandani.

Wiki iliyofuata Careen akatuma cha kwake kwa basi. Kilikuwa kisanduku cheusi chenye kioo kinachowaka, kizuri kama saa ya dukani, na yeye mwenyewe akawa kwenye simu, spika ya simu imefunguliwa, akiwaelekeza. Hakikupumua, na sauti yake haikuwa mbaya. Ila kilitaka intaneti muda wote, na bando likiisha kinakaa tu na kuwaka. Tena kilikuwa na ujuaji. Walipokipa nyimbo za mzee walizokwisha kunakili, hakikutaka kuangalia mafolda. Kilikwenda kuulizia mtandaoni kila wimbo ni wa nani, kikarudi na majibu yake. Nyimbo za bonde zima kikazitupa kwenye lundo moja na kuliandika kwa Kiingereza.

Mzee Theodori akavaa miwani. "Hapa pameandikwa nini?"

"Msanii hajulikani," Evod akasema.

"Nani hajulikani? Huyu ni Marselino wa Chita! Nimelala kwake siku tatu mvua ilipokata reli. Mkewe alitupikia kambale mpaka nikaomba mboga za majani. Hajulikani na nani?"

"Baba, ni mashine tu," Careen akasema kutoka Dar.

"Na huyu wa Mang'ula wamemwekea picha ya mzungu mwenye gitaa!"

"Baba, hiyo inarekebishika. Inabidi tu mtu akae, aingize majina, wimbo mmoja mmoja."

Restuta alimvuta Evod shati. Akamnong'oneza kwa muda mrefu kuliko kawaida, Evod akiitikia kwa kichwa. Kisha Evod akasogea kwenye simu. "Dada Careen, mzee anahitaji kisanduku kisicho na feni, kinachosoma mafolda kama tulivyoyapanga sisi, kisichotafuta majina popote. Diski iwe ndani yake, kisitegemee bando. Na CD zinakiliwe nzima, zisibanwe. Na kuwe na diski ya pili ya akiba, ikae mbali na nyumba hii."

Careen akauliza kutoka Dar. "Kaka Evod, wewe umesomea kompyuta?"

"Nimezaliwa nayo," Evod akasema, na macho yake yakamtoroka kuelekea mlangoni, aliporudi kusimama Restuta.

Careen akaagiza kisanduku kama hicho, na kile cheusi akasema atakitumia kwake mwenyewe akishaolewa. Wakati wakisubiri, Restuta alikwenda kwa mzee kila alasiri kunakili kaseti zilizobaki. Kaseti haina haraka. Ya saa moja inanakiliwa kwa saa moja. Mzee alikaa kwenye kiti chake, yeye alikaa mkekani na laptopu ya Evod, na baina yao deki ikizungusha kanda. Mzee akisema huu wa komunyo, Restuta anaandika kwa kidole kimoja, taratibu, na wimbo unaingia kwenye folda yake. Wakati mwingine mzee alisimulia siku aliyourekodi. Restuta aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyemwuliza anapenda nini, lakini siku ile kaseti ya mwisho ilipokwisha, alikaa kidogo kabla ya kukunja waya. Spika zikienda Kibaoni, hakujua mahali pengine duniani ambapo angesikia mtu akigeuza karatasi upande wa kushoto.

Kisanduku kilifika wiki ya pili ya mwezi wa saba. Kilikuwa cha bati zito la kijivu, mgongo una matuta kama bati la paa, hakina kioo wala taa zaidi ya moja ndogo ya kijani. "Hiki nacho kimenyimwa uzuri," alisema Mama Paskazia. Evod akakiunga kwenye kidude kinachogeuza sauti ya kompyuta iwe sauti ya amplifaya, waya mwekundu na mweupe, vyote ndani ya kabati la vioo, kisanduku juu ya amplifaya kwa sababu nafasi ilikuwa hiyohiyo. Mzee akagusa simu. Matoleo. Lupiro.

Hakikupumua. Karatasi ikageuzwa upande wa kushoto, palepale pake. Mzee alifumba macho akakaa hivyo nyimbo nne. Mama Paskazia alisimama mlangoni na unga mikononi, na wimbo wa tano, ule wa shukrani wa Kipogoro aliouimba usichana wake, akauitikia kutoka pale aliposimama.

Baadaye Restuta alikumbuka kwamba ni siku hiyohiyo aliyomwona mama akichukua utepe wa kupimia nguo na kukipima kile kisanduku, urefu, upana na kimo.

Siku ya tatu asubuhi mzee alikuja kibandani bila baiskeli, ametembea. "Kimegoma," alisema.

Kilikuwa kinaimba saa nzima, wakati mwingine saa na robo, halafu kinanyamaza katikati ya neno. Evod akaenda. Akafungua kabati, akakitoa, akakigeuzageuza, akakiwasha, kikaimba. Akasema ni umeme. Akaleta kifaa cha kutuliza umeme, akaondoka, baada ya saa moja kikanyamaza. Akarudi, akakitoa tena, kikaimba. Akasema ni waya. Akabadilisha waya. Kila akija alipewa chai na maandazi, na kila akiondoka kilinyamaza.

"Si nilisema," Mama Paskazia aliwaambia majirani uani, ingawa bila furaha. "Ukoo mmoja."

Mara ya nne Restuta alikwenda na Evod. Evod alipofungua kabati, alichokitoa kwanza hakikuwa kisanduku. Kilikuwa kitambaa. Katika nyumba ile kila kitu chenye heshima kilivaa: sofa zilivaa migongoni, televisheni ilivaa kichwani, redio ya zamani ilivaa, hata jagi la maji lilivaa kikofia chenye shanga. Na kisanduku sasa kilikuwa na vazi lake, jeupe, limefumwa kwa uzi mara mbili, nene kama sweta, limeshuka pande zote nne mpaka chini. Mbele, kwa uzi wa manjano, mama alikuwa amefuma herufi nne: SEVA.

Evod alikiweka kando kwa mikono miwili, kwa heshima, akafanya kazi yake, akakirudisha. Restuta aliangalia kitambaa, akaangalia amplifaya iliyokuwa chini yake, ile inayopata joto kama sufuria, akaangalia milango ya vioo. Njiani kurudi akasema.

"Ni kitambaa."

Evod alisimama. "Usiniambie."

"Hakina feni. Kinatoa joto kwa yale matuta ya mgongoni. Mama amekifunika."

Evod akaanza kutembea tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, mdomo ulikataa masikio. "Resi," alisema, "yule mama amenipa maandazi siku nne. Amekifuma usiku na mchana, ameandika na jina. Mimi nikamwambie, mama, kazi ya mikono yako ndiyo inayoua mashine? Siwezi. Ukitaka, sema wewe."

"Mimi?"

"Si wewe umeona?"

Ijumaa Evod alikwenda Mang'ula kufunga vyombo vya muziki kwenye harusi. Jumamosi asubuhi Mzee Theodori akapiga simu kibandani. Hakulalamika. Alisema neno ni neno, wiki moja imebaki, na Seni anakuja na guta la mizigo saa nne kuchukua spika. Kama yule binti anaweza, aje amsaidie kufungua waya, maana yeye macho hayamwonyeshi vizuri nyuma ya kabati.

Restuta alifunga kibanda akaenda.

Seni alikuwa amefika tayari. Alikuwa mtu mpana, mchangamfu, amejaa kwenye sofa na kikombe cha chai, macho kwenye spika. Nje, guta lake lilikuwa limeelekezwa mlangoni kinyumenyume. Kisanduku kilikuwa kinaimba, kwa kuwa mzee alitaka kuzisikia mpaka dakika ya mwisho.

"Mzee usihuzunike," Seni alikuwa akisema. "Kwako hapa zinaimba za kanisa tu, zimezeeka kabla ya wakati. Kwangu zitacheza! Watu wa Kibaoni wataziheshimu."

"Watazimwagia bia," alisema mzee.

"Na hiyo ni heshima."

Mama Paskazia alicheka kidogo, lakini hakuwa na kicheko chake cha siku zote. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Restuta alisalimia, akapiga magoti nyuma ya kabati, akashika waya wa kwanza. Joto lilimpiga usoni. Akasikia kwaya ikifika kwenye kibwagizo, na katikati ya neno, kimya.

"Haya," alisema Seni akiweka kikombe chini. "Hata yenyewe imeaga."

Mzee akanyanyuka taratibu kutoka kwenye kiti chake.

Restuta aligeuza kichwa kumtafuta Evod. Ni mazoea tu, Evod alikuwa Mang'ula. Mkono wake ulikuwa bado kwenye waya, na alijua kwamba akiuchomoa kazi imekwisha, hakuna atakayemlaumu, atarudi kibandani kwenye nyimbo nyembamba. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa mabaya. Kitambaa chako, mama. Kazi yako, mama. Hakuna hata moja lililofaa kutoka kinywani mwa msichana wa umri wake.

"Mama," alisema.

Wote watatu wakamgeukia. Seni alikuwa hajui kama huwa anasema. Mzee na mkewe walikuwa hawajawahi kumsikia akianza yeye.

"Mama, naomba uje ushike hapa."

"Nishike nini, mwanangu?"

"Hapa. Kwa nyuma ya mkono."

Mama Paskazia akaja. Alikuwa amelea watoto watano na wajukuu asiowahesabu. Ukimwambia ashike kwa nyuma ya mkono, mkono wenyewe unajua unakwenda kufanya nini. Akaupitisha chini ya kitambaa, akaulaza juu ya mgongo wa kisanduku, kisha akauondoa kwa haraka.

"Yesu na Maria! Huyu ana homa!"

Akamgeukia mumewe.

"Baba Careen, njoo ushike. Anaungua! Tangu lini yuko hivi? Na ninyi mnamwangalia? Mtoto ana homa namna hii, nani kamfunika blan..."

Akaishia hapo. Alikitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwake tayari, maana alikwisha kukivua bila kujua. Herufi za manjano zikamtazama. Mzee Theodori aligundua jambo la kuchunguza darini. Seni alinywa chai isiyokuwepo kikombeni.

"Ni mimi," alisema Mama Paskazia.

Restuta aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua. Alisubiri. Kilichokuja kilikuwa kicheko, kilianzia mbali, kikapanda, kikamkalisha mama kwenye mkono wa sofa, karibu amwangukie Seni. "Ni mimi! Wiki nzima namlaza mgonjwa juu ya jiko, namfunika sweta, namfungia na mlango! Halafu nasema ukoo mmoja! Wewe binti, ulikuwa unajua?"

Restuta akaitikia kwa kichwa, halafu akaona haitoshi. "Tangu Alhamisi, mama."

"Na hukusema!"

"Kimefumwa vizuri sana."

Mama akacheka upya, safari hii akijifuta macho kwa kitambaa chenyewe. Kisha akasimama akaanza kutoa amri kama muuguzi wa zamu. Kisanduku kikatolewa kabatini. Kikawekewa kigoda chake peke yake karibu na dirisha, mahali penye upepo, waya ukarefushwa. Seni ndiye aliyeamriwa kulisukuma kabati, akalisukuma.

"Sasa mimi na guta langu?" akauliza akipumua.

"Subiri," alisema mzee. "Kigonjwa chetu huwa kinazimia baada ya saa moja. Kikizimia, chukua."

Wakakipa dakika kumi kipoe, wakakiwasha. Mwanzo. Chita. Marselino akaimba na watu wake. Mama Paskazia akaleta chai nyingine na mihogo ya kuchemsha, na kila nyimbo tatu alikwenda kuweka nyuma ya mkono kwenye mgongo wa kisanduku. "Vuguvugu," alitangaza. Baadaye tena: "Vuguvugu tu." Mzee alikuwa na saa ya reli mkononi, hakuiangalia mara nyingi, labda kila dakika mbili. Nusu saa ikapita. Saa moja ikapita, na Seni alikuwa amekoma kutikisa mguu na alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kitambaa cha sofa. Saa na robo. Saa na nusu. Nje dereva wa guta alipiga honi mara mbili. Seni akainuka, akamwambia kwa dirishani arudi tu Kibaoni, kisha akarudi kukaa.

"Huyu mwenye besi," alisema baada ya muda, kwa sauti ya chini isiyofanana naye, "anasimama wapi? Kama yuko pale kwenye kona."

"Yuko hapohapo siku zote," mzee akasema.

Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Seni alikuwa anafikiri jambo. "Mzee, kifaa hiki nani amekichagua? Evod?"

"Evod alisema," mzee alijibu. "Aliyechagua ni huyu."

Seni akamgeukia Restuta aliyekuwa mkekani. "Dada, na mimi nataka seva. Ya baa. Spika nitatafuta nyingine, usiogope. Nichukue kama hiki?"

Restuta aliangalia mlango, kisha akaangalia mkeka. Midomo ilifanya kazi kwanza bila sauti.

"Hapana," alisema. "Baa yako ina kelele. Na ina joto la jiko la nyama. Wewe utahitaji..." Akasita. "Watu wako wanaombaga nyimbo kwa jina, au wanasema tu tuwekee ya kucheza?"

"Eh?" Seni akaweka mkono sikioni. "Sijakusikia, dada."

Mzee Theodori hakuwa mtu wa kupunguza sauti wimbo ukiwa katikati. Padri mwenyewe alikwisha kungojea pale mpaka kibwagizo kiishe. Akachukua simu yake kwenye mkono wa kiti, akavaa miwani, na kwa kidole chake kirefu akaishusha kwaya ya Chita, taratibu, mpaka ikawa chini ya sauti ya yule binti.

"Sema," alimwambia.